Maisha ya Marehemu Edward Saidi Tingatinga



Ni desturi ya jarida letu kueleza, katika kila mkutano, maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututangulia, ili vijana wapate la kujifunza. Kwa kawaida tumechagua viongozi na wasomi. Mwaka huu nimeomba nafasi nieleze habari za mtu ambaye hakupata elimu ya sekondari, wala hakuwahi kushika cheo chochote cha kutajwa. Najua wapo watakaoshangaa. Naomba wanivumilie hadi mwisho.

Kwanza nieleze kilichonisukuma. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Jioni moja, hapa nyumbani Kawe, nilikuwa nakagua daftari lake la fizikia nikakuta kurasa sita nzima za michoro: ngalawa zilizopandishwa mchangani, wachuuzi wa samaki na ndoo zao, na mbwa aliyelala chini ya meza ya muuza chipsi. Nilizichana zote mbele yake. Hakusema neno. Akaziokota, akazikunja, akaenda kulala.

Usingizi haukunijia upesi usiku ule. Wale wa darasa langu watakumbuka kwamba nilikuwa nikichora moyo wa binadamu na jani la mhindi katika madaftari ya biolojia ya nusu ya darasa, kwa malipo ya maandazi mawili. Tangu nimalize chuo kikuu na kuingia katika utumishi wa serikali, sijachora hata kikombe. Hakuna aliyenikataza. Niliacha mwenyewe, kwa kuona kwamba mambo hayo si ya mtu mzima mwenye kazi.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua kijana, kama namna ya kumwomba radhi bila kutamka. Tukashika barabara ya Mwai Kibaki, ile tuliyoizoea kwa jina la Bagamoyo ya zamani, tukapita Mikocheni na Namanga hadi Morogoro Stores, Oysterbay, wanapofanyia kazi wachoraji wa Tingatinga. Tulitazama kwa saa nzima. Wakati wa kurudi akaniuliza kama huyo Tingatinga alisomea uchoraji chuo gani. Sikuwa na jibu. Nimepita mahali pale miaka mingi nikienda na kurudi kazini, na kumbe sikumjua mwenye jina. Nikaanza kusoma habari zake na kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Vijana wengi hudhani picha zile zimepewa jina la ile mashine ya kusukumia udongo. Sivyo. Tingatinga ni jina la baba yake, mzee Saidi Tingatinga, aliyekuwa Mngindo na Mwislamu. Mama yake alikuwa Mmakua na Mkristo, na ndiyo maana mtoto akawa na jina la Edward na la Saidi kwa pamoja. Wazazi wote wawili walikuwa wakulima. Shule aliisoma miaka michache tu, kisha jembe likamwita.

Katika miaka ya 1950 alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa kusini. Aliondoka kwao kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Wakati ule mkonge ndio uliokuwa ukiiletea Tanganyika fedha nyingi za kigeni, lakini aliyeukata alibaki na mikono iliyochomwa na miba na mshahara mdogo. Baadaye akaja Dar es Salaam, kama wengi wanavyokuja, kwa jamaa aliyetangulia. Alipata kazi ya nyumbani na bustani kwa afisa mmoja wa Kiingereza. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 maafisa wa namna hiyo wakaanza kurudi kwao, na watumishi wao wakabaki kutafuta kazi nyingine.

Hapo ndipo maisha yake yalipokuwa magumu, na hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wasome polepole. Kwa miaka kadhaa hakuwa na kazi ya kudumu. Alifanya vibarua na biashara ndogondogo, akauza mbogamboga na matunda. Alipenda muziki pia. Aliishi upande wa Msasani, jirani na nyumba kubwa za Oysterbay walimokaa wageni na wakubwa. Wapo wengi waliokuwa katika hali kama yake, na mji huu haukuwajua majina. Kama angefariki mwaka 1967, akiwa na miaka thelathini na mitano, hata mimi nisingekuwa na la kuandika.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Ni nini kilichomsukuma? Watafiti wamebishana sana juu ya jambo hilo. Wako wanaosema aliiona biashara ya picha za wachoraji kutoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa mjini wakati ule, akajiambia kwamba na yeye anaweza. Wako wanaosema aliyakumbuka mapambo ya kuta za nyumba za udongo za kwao kusini. Mimi si mtafiti wa sanaa, lakini sioni kwa nini mambo hayo mawili yapingane. Mtu anaweza kuona sokoni kwamba picha huuzwa, kisha akachota moyoni mwake namna ya kuichora.

Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji, ambazo zilitoka nje na bei yake haikumhusu mtu kama yeye. Alichukua mbao nyembamba zilizotumika kuezekea dari, akazikata vipande vya mraba vyenye kiasi cha sentimita sitini kila upande. Alichukua rangi ya mafuta ya kopo, ile inayotumika kupakia nyumba na baiskeli. Kila alichotumia kilipatikana dukani kwa fundi. Rangi ya namna hiyo haichanganyiki vizuri wala haifichi kosa, lakini inang'aa na haitoki kwa maji. Kwa hiyo alichora kwa namna inayolingana na rangi yenyewe: kwanza eneo lote la nyuma kwa rangi moja au mbili, kisha mnyama mmoja mkubwa katikati, mistari yake imetiwa kwa uhakika. Chui mwenye madoa yaliyohesabika. Ndege mwenye mkia mrefu kuliko mwili. Tembo, nyati, mbuyu. Macho ya wanyama wake yanamtazama anayewatazama.

Nilipoziona nakala za picha zake za mwanzo niliwaza kama mtumishi wa serikali, yaani niliwaza juu ya vifaa. Katika maofisi yetu tumezoea kusema kwamba jambo fulani halikufanyika kwa sababu vifaa havikuletwa. Tingatinga angekuwa na haki ya kusema hivyo kuliko sisi sote. Badala yake alitazama kilichopo, akajiuliza kinaweza kufanya nini. Nadhani huko ndiko kuwaza kwenyewe. Tumezoea kuamini kwamba mwenye mawazo makubwa ni yule anayeota mambo ya mbali, lakini kuuona mzigo wa mbao za dari na kopo la rangi ya baiskeli, ukamwona chui ndani yake, kunahitaji akili ya namna ileile.

Picha ziliuzwa pale Morogoro Stores, ambako wageni wa Oysterbay walikuja kununua mahitaji yao. Mkewe, mama Agatha, alikaa na picha akiziuza, na mumewe akabaki kuchora. Bei ilikuwa shilingi chache tu. Naomba tusimsahau mama huyo. Katika kila habari ya mtu aliyefaulu yupo mwingine aliyekaa juani na bidhaa.

Baada ya muda Shirika la Taifa la Maendeleo, kupitia kampuni yake ya sanaa iliyoitwa National Arts of Tanzania, lilianza kuzinunua kazi zake. Hata hivyo hakuacha kutafuta riziki ya uhakika. Alipata kazi katika hospitali ya Muhimbili, akiwa mhudumu wa wodi, na saa zilizobaki akachora. Jambo hili lilinigusa sana. Wengi wetu tunasema tutarudi katika mambo tuliyoyapenda tutakapostaafu. Yeye alihudumia wagonjwa, akarudi nyumbani akakaa chini na brashi.

Lakini la kukumbukwa zaidi nadhani ni hili lifuatalo. Wanunuzi walipoongezeka angeweza kuificha kazi yake, akabaki mwenye duka peke yake. Aliwaita jamaa zake na vijana wa kwao, akawafundisha. Miongoni mwao walikuwamo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata. Walikaa kando yake, wakaanza kwa kujaza rangi, wakaendelea hadi kila mmoja akachora picha yake mwenyewe.

Mwaka 1972 akafariki. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari, na askari polisi wakalidhania kuwa ni gari la wahalifu waliokuwa wakikimbia. Wakafyatua risasi, naye akauawa. Alikuwa na miaka arobaini. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Mtu akifa kwa namna hiyo, kazi yake huelekea kufa pamoja naye. Picha zake mwenyewe nyingi zilikwisha kuondoka nchini katika mizigo ya wageni, na sisi wenyewe hatukuziwekea akiba. Lakini wale jamaa walikwisha kujua kazi. Waliendelea kuchora pale pale Morogoro Stores na kuwafundisha wengine. Mwaka 1977 waliunda ushirika wao, na mwaka 1990 wakaundikisha kuwa chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Leo picha za namna yake zinauzwa Arusha, Zanzibar na Nairobi, na zinatundikwa Ulaya na Japani. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama katika televisheni hadithi za wanyama wa Afrika zilizochorwa kwa mtindo huo na kuitwa kwa jina lake. Na familia nyingi za jiji hili zimelipa karo kwa kazi iliyoanzishwa na mtu aliyekosa ajira.

Sitaki kumfanya malaika, wala kuusifu mtindo wake kupita kiasi. Wapo wanaolalamika kwamba wachoraji wengi sasa hurudia picha ileile kwa ajili ya watalii, na nadhani malalamiko hayo yana ukweli. Hata mwanangu aliligundua. Alinionyesha twiga watatu wa wachoraji watatu waliofanana kama mapacha. Nami nikamwambia kwamba kumfuata Tingatinga kweli si kuchora twiga wake. Ni kufanya alivyofanya yeye: kutazama ulicho nacho na mahali ulipo, ukatoa kitu ambacho hakikuwapo. Yeye alikuwa na wanyama wa Tunduru kichwani. Mtoto wa Kawe ana ngalawa, ana samaki, ana kile kiwanda cha zamani cha nyama cha Tanganyika Packers, ana mbwa chini ya meza ya chipsi.

Sasa nimalizie kwa jambo linalotuhusu. Wajumbe wa kamati watakumbuka kwamba mwaka jana lilitolewa pendekezo la kuikarabati ile stoo ya zamani iliyo nyuma ya maabara, iwe chumba cha kuchorea na kazi za mikono. Watakumbuka pia ni nani aliyesimama kulipinga. Ni mimi. Nilisema michango yetu ielekezwe katika masomo yanayoleta ajira, na wengi mkanipigia makofi. Nawaombeni radhi. Pendekezo hilo nitalileta tena mimi mwenyewe katika mkutano huu, na kama mtalikataa mara ya pili, nitakuwa nimestahili.

Sisemi masomo ya sayansi yapunguzwe hata kipindi kimoja. Daftari la fizikia bado nalikagua, na alama zake bado si za kuridhisha. Nasema chumba kile kifunguliwe Jumamosi, na kijana anayetaka kuchora, kuchonga au kuunda kitu asilazimike kujificha katika kurasa za fizikia. Ili nisionekane mtu wa maneno matupu, nimekwisha kununua mbao nne za dari, nimezikata mraba kwa mkono wangu, na makopo matano ya rangi ya mafuta. Vyote viko kwa mwalimu wa zamu.

Nanyi wanafunzi, nawaambia hivi. Msidhani wakati umewapita kwa kuwa mwenzenu ameanza mapema, wala msingoje vifaa bora. Na siku mtakapojua jambo, mfundisheni aliye karibu yenu kabla hamjaondoka.

Mwanangu ameniomba mraba mmoja katika ile minne. Nimemjibu kwamba ni mali ya shule, apange foleni. Nami nitakuwa nyuma yake.