CELLINI NA CHOMBO CHA CHUMVI

Wengi wetu tukisikia mchongaji tunafikiria sanamu kubwa kama nyumba. Hebu mtazameni Benvenuto Cellini, aliyezaliwa Florence, Italia, mwaka wa 1500. Babake alitaka awe mpiga filimbi. Kijana akashika nyundo ya sonara. Hakuwa malaika, la! Aliua watu, na mwaka wa 1538 alitiwa jela huko Roma. Akateremka ngomeni kwa shuka zilizofungwa pamoja, akavunjika mguu. Lakini mkono wake, ndugu zangu, haukuwa mchezo.

Alifinyanga kwa nta mfano wa chombo cha chumvi. Kadinali aliyekitaka akaona kazi ni kubwa mno. Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alipouona, akampa dhahabu aanze. Kilikamilika mwaka wa 1543.

Kina kimo cha sentimita 26 tu! Bahari ni mwanamume, Ardhi ni mwanamke, wameketi wakitazamana. Chumvi hukaa katika kijahazi, pilipili manga katika kijumba. Cellini aligongagonga bamba la dhahabu polepole mpaka likawa mabega na magoti. Kisha, kwa vyuma vyembamba, akatia samaki, farasi wa bahari, majani, hata vidole vya miguu. Ukikosea pigo moja, bamba linatoboka! Chini akaweka gololi za pembe ya ndovu, chombo kisukumwe mezani.

Alifariki mwaka wa 1571. Mwaka wa 2003 chombo hicho kiliibwa Vienna, Austria. Kilipatikana mwaka wa 2006, kimefukiwa msituni.