MAISHA YA MGANGA ALEXANDER FLEMING, MTU ALIYEPIMA MAKAMASI YAKE

Kila mwanafunzi hapa Lubutu anajua penisilini, juu ya sindano yake. Lakini wachache wanajua kwamba mtu aliyeivumbua alianzia kwenye makamasi, tena ya pua lake mwenyewe. Ndiyo sababu sisi wa mwaka wa sita tunawaandikia maisha yake.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 huko Scotland, katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel. Baba yake, mkulima, alifariki mtoto akiwa na miaka 7. Shuleni alikwenda kwa miguu, kama wengi wetu. Halafu akahamia London kwa kaka zake, akatumika miaka 4 katika ofisi ya meli. Jamaa mmoja wa ukoo alipofariki, akawaachia urithi. Kwa pesa hizo, mwaka 1901, Fleming aliingia masomo ya uganga katika hospitali ya St Mary's. Akamaliza mwaka 1906, akabaki pale pale kwenye labo.

Wakati wa vita ya 1914-1918 alitumika Boulogne, Ufaransa. Aliona askari wengi wakifa, si kwa risasi yenyewe, lakini kwa kuoza kwa vidonda. Dawa kali zilizomwagwa ndani ya vidonda virefu ziliharibu chembe nyeupe za damu kuliko mikrobe. Basi akataka kujua: mwili wenyewe unajilinda na nini?

Jibu la kwanza lilikuja Novemba 1921. Akiwa na mafua, aliweka makamasi yake katika kisahani cha kukuzia mikrobe. Siku zikapita, akaona mikrobe za manjano zilizo karibu na makamasi zimeyeyuka! Akapima machozi: watu wa labo walikamuliwa limau machoni ili walie. Akapima mate, akapima ute wa yai. Kote alikuta dawa ile ile. Ikaitwa lizozimi, ikatangazwa mwaka 1922.

Leo tunajua zaidi. Kila pumzi tunavuta vumbi la barabara ya Kisangani, moshi wa jikoni na mikrobe. Ndani ya njia za hewa kuna tezi ndogo. Mikrobe zikifika, tezi zinatoa maji na ute kuliko kawaida. Ute unazinasa, lizozimi na dawa zingine za mwili zinazipiga, halafu vinyweleo vidogo sana vinasukuma vyote mpaka kooni, kama watu wa salongo wanavyofagia barabara. Kwa hiyo makamasi si jambo la kumchekea mwenzako. Na anayevuta tumbako anavilemaza vinyweleo vile, uchafu unamlalia kifuani.

Lizozimi ilikuwa na uzaifu: mikrobe mbaya zaidi haziogopi. Lakini jicho la Fleming lilikuwa limekwisha kufundishwa. Septemba 1928, akitoka likizo, alikuta kisahani kimoja kimeota ukungu, na mikrobe za pembeni zimekufa. Mwingine angekitupa tu. Hiyo ndiyo penisilini. Yeye hakuweza kuisafisha. Kazi hiyo waliifanya Florey, Chain na wenzao huko Oxford. Mwaka 1945 wote watatu walipewa zawadi ya Nobel. Katika hotuba yake Fleming alionya kwamba anayetumia dawa kidogo kidogo anazifundisha mikrobe kuizoea. Alifariki London tarehe 11 Machi 1955, akazikwa katika kanisa la St Paul's.

Onyo lile linatuhusu sisi kabisa. Mwenzetu akikohoa, tunachanga pesa, tunanunua vidonge vinne sokoni, homa ikishuka tunaacha. Hii ni hatari kwa bweni lote. Tena mafua ya kawaida hayasikii penisilini hata kidogo. Tuuache mwili utumike. Lakini kikohozi kikipita majuma mawili, au kikitoa damu, au pumzi ikiwa ngumu, twende hospitali bila kungoja. Na dawa tutakayopewa na mganga, tuimalize vile alivyosema, mpaka kidonge cha mwisho.