Wassermann na Kipimo Kilichowasingizia Wasio na Kosa

August von Wassermann alizaliwa mjini Bamberg, Ujerumani, tarehe 21 Februari 1866. Alisomea udaktari, akafanya kazi katika taasisi ya Robert Koch mjini Berlin. Mwaka 1906, Wajerumani wakiwa bado wanaitawala nchi yetu, yeye na wenzake walitangaza kipimo cha damu cha kutambua kaswende, na majeshi mengi yakakipokea.

Hata hivyo kipimo hicho hakikumkamata kijidudu mwenyewe. Kilitambua kingamwili, yaani walinzi wa damu, zilizoshika mafuta fulani yapatikanayo hata katika moyo wa ng'ombe asiye na ugonjwa. Ndiyo maana wapo walioandikwa kuwa na kaswende ilhali hawanayo. Fikiri aibu ya askari mwaminifu mbele ya kamanda wake, na zaidi mbele ya mkewe!

Wassermann alifariki Berlin tarehe 16 Machi 1925, fumbo hilo likiwa halijafumbuliwa. Mwaka 1983 daktari Mwingereza, Graham Hughes, alieleza kwamba kwa baadhi ya watu kingamwili za namna hiyo huugeukia mwili wenyewe. Pengine huzuka baada ya maambukizo, zikazishika protini za damu zilizojibandika kwenye mafuta ya seli, mfano wa mlinzi wa usiku ampigaye risasi mwenziwe kwa kutomtambua. Hapo damu huganda mishipani: mguu huvimba, kijana hupatwa na kiharusi, mimba huharibika tena na tena. Dawa za kuzuia damu isigande huwasaidia.

Siku hizi kipimo cha mafuta kikionyesha kaswende, maabara hutakiwa kukihakikisha kwa kingine, kinachotafuta kingamwili za kijidudu mwenyewe.