Marijani Rajab

Marijani Rajab (3 Machi 1955 – 23 Machi 1995) alikuwa mwimbaji, mtunzi na kiongozi wa bendi za muziki wa dansi nchini Tanzania. Wapenzi wa muziki walimwita Jabali la Muziki. Alipata umaarufu akiwa na bendi za Safari Trippers na Dar International. Miongoni mwa nyimbo zake zinazokumbukwa hadi leo ni Georgina, Rosa Nenda Shule, Zuwena, Masudi na Mwanameka.

Wakati wake bendi nyingi kubwa za Tanzania zilimilikiwa na serikali, chama, majeshi au mashirika ya umma. Marijani alifanya sehemu kubwa ya kazi yake katika bendi za watu binafsi. Nyimbo zake zilisikika nchi nzima kupitia redio, lakini yeye mwenyewe alifariki akiwa na umri wa miaka 40 bila kufaidi mapato yaliyolingana na umaarufu huo.

Maisha ya awali

Marijani alizaliwa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mtaa ambao kwa miaka mingi umekuwa kitovu cha biashara, siasa na burudani. Alisoma shule ya msingi na pia alipata elimu ya Kurani kama ilivyo desturi ya watoto wa familia za Kiislamu za Pwani. Tangu utotoni alipenda kuimba. Mwimbaji aliyemvutia zaidi alikuwa Tabu Ley Rochereau wa Kongo, na athari ya sauti ile nyororo ilionekana katika uimbaji wake wa baadaye.

STC Jazz

Akiwa bado kijana mdogo alijiunga na STC Jazz, bendi ya Shirika la Biashara la Taifa. Bendi hiyo ilikuwa chini ya mpiga gitaa Raphael Sabuni. Humo alijifunza kazi ya jukwaani, na akasafiri na wenzake hadi Nairobi kurekodi. Nairobi ilikuwa na studio na viwanda vya kutengeneza santuri ambavyo Tanzania haikuwa navyo, kwa hiyo bendi iliyotaka kutoa santuri ililazimika kwenda huko.

Safari Trippers

Mwaka 1972 Marijani alihamia bendi ya The Trippers iliyoongozwa na David Mussa. Baadaye bendi hiyo ilijulikana kwa jina la Safari Trippers, na mtindo wake uliitwa Sokomoko. Ilikuwa bendi ya vijana, na Marijani akawa mwimbaji na mtunzi wake mkuu. Nyimbo kama Georgina, Mkuki Moyoni na Rosa Nenda Shule zilitolewa kwenye santuri na kupendwa sana ndani na nje ya Tanzania.

Bendi ilisambaratika mwaka 1976, wakati ilipokuwa miongoni mwa bendi maarufu nchini.

Dar International

Mwaka 1977 Marijani alikuwa miongoni mwa wanamuziki walioanzisha Dar International, bendi nyingine ya mtu binafsi. Mtindo wake uliitwa Super Bomboka. Kikosi cha kwanza kilikuwa na wanamuziki hodari, wakiwemo Abel Balthazar, Michael Enock na mwimbaji Cosmas Thobias Chidumule. Kwa muda mfupi bendi ilitoa nyimbo zilizoshika nchi nzima, hasa Zuwena na Mwanameka.

Umoja huo haukudumu. Mwaka 1978 Balthazar, Enock, Chidumule na wengine waliondoka na kwenda kuanzisha Mlimani Park Orchestra, ambayo mtindo wake wa Sikinde ulikuja kuwa maarufu sana. Bendi iliyopoteza wapigaji wake wakuu kwa mkupuo mmoja ingeweza kufa. Marijani alibaki, akaingiza wanamuziki wengine na kuiongoza Dar International kwa miaka mingine kadhaa, hadi ilipovunjika mwaka 1986.

Bendi za umma na bendi za watu binafsi

Ili kuelewa kazi ya Marijani ni lazima kuelewa jinsi bendi zilivyoendeshwa. Baada ya uhuru, vyombo vya umma vilianzisha bendi zao: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, Polisi Jazz ya jeshi la polisi na Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi. Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara kila mwezi hata kama mvua ilinyesha na ukumbi ukawa mtupu, na vyombo vilinunuliwa na mwajiri.

Bendi ya mtu binafsi ilitegemea kiingilio cha mlangoni. Gitaa likiharibika au spika ikiungua, fedha za kununua nyingine zilitoka katika mapato ya madansi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hali ilizidi kuwa ngumu. Vita vya Kagera vya 1978–1979 na upungufu wa fedha za kigeni vilifanya vyombo vya muziki, vipuri na hata petroli ya kusafirishia bendi kuwa vigumu kupatikana.

Pigo lingine lilikuja mwaka 1977, mwaka uleule ambao Dar International ilianza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Njia ya kwenda kwenye studio na viwanda vya santuri vya Nairobi ikakatika. Safari Trippers walikuwa wamepata jina kwa santuri, lakini Dar International walibaki na studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Redio ilirekodi nyimbo zao na kuzipiga mara nyingi, lakini malipo ya kurekodi yalikuwa madogo na hakukuwa na utaratibu wa mirabaha. Wakati huohuo kanda za kaseti zilienea. Mtu mwenye redio kaseti aliweza kunasa wimbo hewani, na mfanyabiashara aliweza kutoa nakala nyingi na kuziuza bila mtunzi kupata hata senti.

Disko nazo ziliongeza ushindani. Mwenye disko alihitaji mashine, spika na santuri au kanda chache, wakati kiongozi wa bendi alikuwa na watu zaidi ya kumi wa kuwalipa. Vijana wa mijini walianza kucheza muziki wa nje uliopigwa kwenye mashine, na bendi za watu binafsi ndizo zilizoumia zaidi.

Utunzi wake

Nyimbo nyingi za Marijani ni masimulizi. Zina mhusika mwenye jina, na mara nyingi jina hilo ndilo jina la wimbo: Georgina, Zuwena, Masudi, Mwanameka. Alitumia Kiswahili cha Dar es Salaam kilicho wazi, chenye maneno ya kawaida ya mtaani na nyumbani, na aliimba kwa matamshi ambayo msikilizaji aliweza kuyafuata neno kwa neno. Wimbo ulianza taratibu ili kisa kieleweke, kisha magitaa na tarumbeta yakachukua nafasi katika sehemu ya pili ili watu wacheze.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi nyimbo hizi ni mfano mzuri wa jinsi wimbo unavyobeba wahusika, mgogoro na funzo kama inavyofanya hadithi fupi.

Miaka ya mwisho

Baada ya Dar International kuvunjika, Marijani alipitia bendi nyingine, zikiwemo Mwenge Jazz na Kurugenzi Jazz ya Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alijaribu kuifufua Dar International, lakini hakufanikiwa. Katika miaka yake ya mwisho alijipatia riziki kwa kuuza kanda za nyimbo zake mwenyewe jijini Dar es Salaam.

Alifariki tarehe 23 Machi 1995. Miaka minne baadaye, mwaka 1999, Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo ilikuwa msingi wa kuanzishwa kwa Chama cha Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Sheria hiyo ilikuja akiwa tayari kaburini.

Kumbukumbu

Marijani anakumbukwa hata katika sehemu zilizokuwa mbali sana na kumbi za Dar es Salaam. Mfano ni Kasekese, ambayo leo iko Mkoa wa Katavi na wakati huo ilikuwa katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Msafiri wa treni kutoka Dar es Salaam alifuata reli ya kati hadi Tabora na Kaliua, akashika tawi la Mpanda, kisha akaendelea kwa barabara. Kwa wasikilizaji wa sehemu kama hizo redio ndiyo iliyokuwa ukumbi wa dansi. RTD haikumlipa Marijani ipasavyo, lakini ndiyo iliyohifadhi nyimbo zake na kuzifikisha huko.

Leo nyimbo hizo hupigwa katika vipindi vya zilipendwa, na bendi na waimbaji wa vizazi vya baadaye wameendelea kuziimba.

Baadhi ya nyimbo zake

Akiwa na Safari Trippers:
- Georgina
- Rosa Nenda Shule
- Mkuki Moyoni

Akiwa na Dar International:
- Zuwena
- Mwanameka
- Masudi