Howard Penman: Mkadiriaji wa Maji Yasiyoonekana

Howard Latimer Penman alizaliwa mwaka 1909 huko Dunston, kaskazini mwa Uingereza. Alisomea fizikia, na mnamo 1937 akajiunga na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alikohudumu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tatizo lililomshughulisha lilikuwa kongwe. Mvua inyeshapo, sehemu huingia ardhini, sehemu hutiririka mtoni, na sehemu hurudi angani kama mvuke. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyowatatiza wataalamu, kwani mvuke hauna kingo. Mwaka 1948 Penman alichapisha mlinganyo uliounganisha nguvu ya jua, joto, unyevu wa hewa na kasi ya upepo ili kukadiria uvukizi. Hivyo basi, mto usio na kumbukumbu za mtiririko ukaweza kukisiwa: chukua mvua ya mwaka, uondoe uvukizi na badiliko la maji yaliyohifadhiwa ardhini. Huo ndio urari wa maji.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Muguga wakiongozwa na Charles Pereira waliutumia mlinganyo huo Kericho, msitu ulipopisha majani chai, na Kimakia, mianzi ilipopisha misonobari. Huko mito nayo ilipimwa, na kadirio likapata shahidi. Mwaka 1962 Penman aliteuliwa mwanachama wa Royal Society. Aliaga dunia mwaka 1984.

Je, haya yanatuhusu vipi? Makao makuu ya idara ya hali ya hewa yako Dagoretti Corner, baina ya Kawangware na Kibera. Vipimo vya hapo vyaweza kutupa kadirio la urari wa vijito vya jirani. Hata hivyo, yafaa tahadhari. Penman aliwazia nyasi mbichi zisizokosa maji, ilhali paa la mabati halihifadhi tone. Mvua yote hukimbilia mtaroni. Aidha, urari wa mwaka hautaji saa ya gharika. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyokumba makazi ya kandokando ya mito ya Nairobi yalikuja kwa saa, si kwa mwaka.

Alhasili, Penman alitufunza kukisia pale kipimo kinapokosekana. Hakutufunza kuridhika na ukosefu huo. Mkazi wa ukingo wa Motoine anastahili kipimo kilichosimikwa mtoni penyewe.