Gustav Kirchhoff na hesabu za nyaya zinazokutana

Msikilizaji, ndani ya redio yako kuna sehemu yenye kazi ngumu: inapokea volteji ndogo mno na kutoa kubwa inayoifuata hatua kwa hatua. Wahandisi huichora kama chanzo tegemezi cha volteji. Betri hutoa volti zake bila kumuuliza mtu. Chanzo tegemezi hutii volteji au mkondo wa mahali pengine kwenye saketi. Mwanafunzi wa uhandisi, awe Dodoma au Berlin, hukijaribu kwenye kompyuta kabla ya kugusa waya, na hesabu za kompyuta hiyo zimetokana na kazi ya kijana wa miaka 21.

Gustav Kirchhoff alizaliwa Machi 12, 1824 mjini Königsberg, Prussia, mji ambao leo ni Kaliningrad, Urusi. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi wa Profesa Franz Neumann, alitafuta jibu la swali moja: nyaya nyingi zikikutana, umeme hujigawaje? Georg Ohm alikuwa ameeleza tangu 1827 jinsi volteji, mkondo na ukinzani vinavyohusiana, lakini kwenye wavu wa nyaya kanuni yake peke yake haikutosha.

Kirchhoff alikuja na kanuni mbili. Ya kwanza ielewe kwa mabomba ya kisima cha kijiji: maji yanayoingia kwenye kiungo ndiyo yanayotoka, na mkondo wa umeme ni vivyo hivyo. Ya pili ni ya mpanda mlima. Panda Mlimwa, shuka, zunguka upendavyo; ukirudi mlangoni pako uko kwenye kimo kile kile ulichoanzia. Volteji nazo, ukizijumlisha kuzunguka saketi hadi ulipoanzia, jumla yake ni sifuri.

Alitarajia kwenda Paris kusoma zaidi, lakini machafuko ya kisiasa ya wakati ule yakamzuia. Alifundisha Berlin, kisha Breslau, alikokutana na mkemia Robert Bunsen. Mwaka 1854 akamfuata Heidelberg. Wakipitisha mwanga wa vitu vilivyounguzwa kwenye kioo cha prizimu, waliona kila elementi ina mistari yake ya rangi, na hivyo wakagundua siziamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Wengi wanamkumbuka kwa hilo zaidi kuliko kwa umeme.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Ajali ya mguu ilimfanya atembee kwa magongo, na mara nyingine akae kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1869 mkewe Clara alifariki, akamwachia watoto wa kulea. Kazi za maabara zikawa nzito kwake, na mwaka 1875 akahamia Berlin kufundisha fizikia ya nadharia. Alikufa Oktoba 17, 1887, kabla redio haijaanza.

Hakuwahi, basi, kukiona kikuza sauti. Hata hivyo SPICE, programu ya kuigiza saketi iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, pamoja na nyingi zilizoifuata, huandika kanuni yake ya kwanza kwa kila kiungo kisha hutatua milinganyo yote kwa pamoja.

Hapo ndipo wanaoanza hukwama. Chanzo kinachotii volteji huitwa kwa herufi E, nacho hutaka mambo matatu: viungo viwili kinapotoa, viungo viwili kinavyovisikiliza, na idadi ya mara za kukuza. Ukiweka mara 200, volti 0.02 huwa volti 4. Lazima pia kiungo kimoja kiwe namba 0, yaani ethi, maana kimo hupimwa kutoka mahali fulani.

Chanzo kinachotii mkondo, herufi H, kina usumbufu zaidi. Programu hutafuta kwanza volteji za viungo. Mkondo wa waya wa kawaida haumo kwenye orodha yake. Ila kila chanzo cha volteji huingizwa humo pamoja na mkondo wake. Ndiyo maana fundi hukata waya anaotaka kuusikiliza, huweka hapo chanzo cha volti 0, kisha humpa H jina la chanzo hicho. Kikiwekwa volti 1 badala ya 0, saketi imeongezewa betri ambayo kwenye meza ya fundi haipo.