Paul Ehrlich, munganga wa rangi, na kivimbe kwenye ngozi ya mbwa

Mbwa anayelinda parsele pale Mudzipela ao Lumumba akifikisha miaka nane, tisa, si ajabu mwenyewe amguse na kukuta kivimbe chini ya manyoya. Kati ya vivimbe vyote vinavyoota kwa mbwa, vile vya ngozi njo vinaonekana sana: karibu kimoja kwa vitatu. Vingi havina ubaya. Lakini kuna aina moja inayodanganya macho, inafanana na chunusi ao alama ya kupe, kumbe inaweza kuua. Njia ya kuitambua ilianza na mtu ambaye hakuwa munganga wa wanyama hata siku moja.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 huko Strehlen, mji mdogo uliokuwa wa Ujerumani wakati ule, leo uko Poland. Karl Weigert, binamu ya mama yake, njo alimfungulia njia ya kutia rangi vipande vya mwili ili vionekane vizuri kwenye mikroskopi. Rangi zenyewe zilikuwa za viwanda, zile za kutia vitambaa. Ehrlich akazipenda kuliko masomo mengine yote.

Mwaka wa 1878, akiwa na miaka 24, aliandika juu ya seli fulani zilizojaa punje ndogo ndogo. Rangi ikigusa zile punje inabadilika: ya buluu inakuwa zambarau. Akaziita Mastzellen, maana yake seli zilizonona, juu alifikiri zinahusika na chakula cha mwili. Hapo alikosea. Lakini jina likabaki, na ile rangi pia.

Maisha yake hayakuwa laini. Mwaka wa 1888 alipata kifua kikuu, akaenda Misri kutafuta hewa kavu, akapona. Halafu ikaja habari ya ugonjwa wa usingizi, uliokuwa unamaliza watu Congo na Uganda. Mwaka wa 1906 Robert Koch alikuwa visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Victoria, akichoma watu sindano za Atoxyl, dawa ya arseniki. Wengine walipofuka. Kule Frankfurt, Ehrlich na Alfred Bertheim wakagundua kwamba wakemia walikuwa wamekosea hata umbo la ile dawa. Wakaanza kuibadilisha, moja baada ya ingine, mpaka namba 606, dawa ya kaswende, iliyotoka mwaka wa 1910. Arsobal, iliyochomwa wagonjwa wa usingizi Congo miaka mingi, inatoka ukoo ule ule wa arseniki.

Alipata Nobel mwaka wa 1908, akafariki tarehe 20 Agosti 1915. Juu alikuwa Myahudi, Wanazi waliondoa jina lake kwenye barabara ya Frankfurt.

Ile aliyokosea juu ya seli zake, wengine waliisahihisha. Punje zile zinabeba histamini, ile inayoleta mwasho na kuvimba mtu akiumwa na nyuki. Seli zenyewe zikizaana ovyo kwenye ngozi ya mbwa, njo ile kansa inayodanganya, na inachukua karibu kimoja kwa vitano vya vivimbe vya ngozi. Boxer na Labrador wanaipata zaidi, ila mbwa yeyote anaweza. Mwenye kuiminya, kuifunga na uzi ao kuikata na wembe nyumbani anaimwaga histamini: kivimbe kinakuwa chekundu, kinapanda. Mbwa anaweza kutapika, kinyesi kikawa cheusi juu ya kidonda cha tumbo.

Veterineri anaanza na sindano nyembamba. Anavuta kidogo, anapaka kwenye kioo, anatia rangi, anatazama kama punje zile ziko. Ni kazi ya dakika chache. Akizikuta, hakati kivimbe peke yake. Anakata na nyama inayoonekana nzima pembeni, mara nyingi sentimita mbili, juu seli zingine zinakuwa zimeshatembea.